Fimbo ya Shaba Peke Yake Haitoshi: Eathi na Usalama wa Umeme Tunduma

Eathi ni njia ya makusudi inayounganisha sehemu za chuma za mfumo wa umeme na udongo, ili waya ukichunika ndani ya friji, pasi au mota, umeme uondokee huko badala ya kumsubiri mtu aguse. Inakamilika kwa vitu vitatu: waya wa kijani na njano unaotembea kutoka soketi hadi soketi, fimbo iliyopigiliwa ardhini nje ya ukuta, na kifaa kinachokata umeme hitilafu inapotokea. Katika nyumba nyingi za Tunduma, kama kwingineko Tanzania, fimbo ndiyo inayoonekana na ndiyo inayohesabiwa kuwa kazi nzima. Fundi hupigilia, hufunga waya, hufukia, mwenye nyumba huridhika. Ukweli ni kwamba fimbo isiyo na kifaa cha kukata husaidia kidogo sana, na kuna nyakati inaeneza hatari iliyokuwa mahali pamoja.

Sababu inaanzia kwenye transfoma. Umeme wa majumbani nchini una volti 230 kati ya waya wa moto na nyutro, na volti 400 kati ya fezi moja na nyingine. Pale kwenye transfoma, nyutro hufungwa ardhini. Kuanzia hapo ardhi yenyewe inakuwa waya wa pili, na ndiyo maana mtu aliyeshika waya mmoja tu, akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, anapigwa shoti: umeme unapita mwilini, unaingia kwenye sakafu na kurudi kwenye transfoma kupitia udongo. Jambo hili lilijulikana kabla taa za umeme hazijaenea. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil wa Ujerumani alionyesha kwamba telegrafu inaweza kwenda kwa waya mmoja, ardhi ikawa njia ya kurudi.

Mwili wenye ngozi iliyolowa una ukinzani wa takriban omu 1,000, kwa hiyo volti 230 zinaweza kupitisha humo kama miliampea 230. Miliampea 1 mtu huihisi. Zikifika 10 hivi, misuli hukaza hata mkono ukashindwa kuachia. Zikizidi 30 na kuendelea kupita, moyo unaingia hatarini. Taa ndogo ya wati 10 inatumia zaidi ya miliampea 40. Umeme unaoua, basi, ni mdogo mno kiasi kwamba fyuzi na saketi breka ya kawaida haziutambui. Vifaa hivyo vimetengenezwa kulinda nyaya zisiungue. Kumlinda mtu ni kazi nyingine.

Mfano mmoja wa hesabu unatosha kuonyesha udhaifu wa fimbo iliyoachwa peke yake. Chukua friji ambayo waya wake wa moto umegusa bodi. Fimbo ya nyumba ina omu 60, kiwango cha kawaida kabisa, na eathi ya transfoma ina omu 5. Volti 230 zikigawanywa kwa omu 65 ni ampea 3.5. Breka ya ampea 32 haitaruka kwa ampea 3.5, si leo wala kesho. Umeme utaendelea kumiminika ardhini usiku na mchana, na mita ya Luku itauhesabu: karibu uniti 19 kwa siku bila taa hata moja kuwaka. Malalamiko ya uniti kuisha haraka yana sababu nyingi, lakini hii ni mojawapo na haipimwi mara kwa mara.

Lililo baya zaidi ni volti. Ampea 3.5 zikipita kwenye fimbo ya omu 60, bodi ya friji inabaki na zaidi ya volti 200 juu ya udongo wa uani. Na kwa kuwa waya wa eathi umeunganisha soketi zote, volti hizo zinafika kwenye birika, pasi, jiko na mashine ya kufulia, hata kama vyote ni vizima. Mtu anapigwa na pasi mpya, anaipeleka dukani kudai imeharibika, kumbe ugonjwa uko kwenye friji ya chumba cha pili.

Kinachoondoa tatizo hili ni breka inayotambua umeme unaovuja, inayouzwa kwa herufi RCD. Inafanya kazi kwa kulinganisha: umeme unaokwenda kwa waya wa moto lazima urudi wote kwa nyutro. Ukipungua hata kidogo, maana yake kuna kiasi kinachopita kwingine, kwenye eathi au kwenye mwili wa mtu, na breka inakata kabla nusu sekunde haijapita. Ya majumbani huwekwa kwenye miliampea 30. Hapo hesabu ya fimbo inageuka. Ili bodi ya kifaa isivuke volti 50 kabla ya umeme kukatwa, fimbo inaruhusiwa kuwa na hadi omu 1,667, ingawa kanuni za Uingereza, ambazo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wamesomea, zinashauri isizidi 200 kwa kuwa eathi dhaifu kupita hapo haitabiriki. Fimbo ya omu 60 iliyokuwa haifai kitu sasa inatosha na ziada. RCD haimlindi anayeshika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mkono mwingine, maana kwake huyo ni kama taa tu. Lakini kwa ajali za kawaida za nyumbani hakuna kifaa kinachookoa maisha mengi kwa bei yake.

Pamoja na hayo, ndiyo ya kwanza kung'olewa. Breka inaruka usiku, familia inakaa gizani, fundi anaitwa, na badala ya kutafuta kifaa kinachovuja anairuka breka kwa kipande cha waya. Umeme unarudi, fundi analipwa na kushukuriwa. Kazi ya namna hiyo haistahili malipo. Breka inayoruka inatoa taarifa, na njia ya kuisoma ni rahisi: vifaa vyote vichomolewe, breka iwashwe, kisha kimoja kimoja kirudishwe hadi mkosaji ajulikane. Ikiruka wakati hakuna kilichochomekwa, kosa liko kwenye nyaya za ukutani na kipimo cha mega, kinachopima vikingio vya nyaya, kitaonyesha ni saketi ipi.

Kosa jingine la mafundi ni baya kuliko hilo. Kwa kuwa eathi ya fimbo ni dhaifu, wapo wanaounga nyutro na eathi ndani ya soketi, na kipimo kinaonekana kizuri ghafla. Mfumo wa kuunga nyutro na eathi upo duniani na ni halali. Nyumba nyingi za Uingereza zinautumia. Huko, waya wa moto ukigusa bodi, umeme unarudi kwa waya wa chuma moja kwa moja, ampea mia kadhaa zinapita, na breka ya kawaida inakata papo hapo. Ila kampuni ya umeme ndiyo inayoamua kuujenga: nyutro inatiwa ardhini sehemu nyingi njiani, na muunganiko unafanywa mahali pamoja tu, kabla ya mita. Nchini Tanzania, ambako kwa kawaida kila nyumba inategemea fimbo yake, fundi anayeunga nyutro na eathi sebuleni anatega mtego. Siku nyutro ya nguzoni itakapokatika, kila chuma cha nyumba kitakuwa na moto, kikiwemo kile ambacho hakijawahi kuharibika.

Na nyutro hukatika. Huchakaa kwenye viungio, hukatwa na miti, na pengine shaba yake huibiwa iuzwe kama chuma chakavu. Nyutro ya fezi tatu ikipotea, nyumba zilizo kwenye fezi tofauti hugawana volti 400 bila usawa. Nyingine taa zinafifia, nyingine televisheni zinaungua. Eathi ya nyumbani haizuii hilo. Ni kazi ya kampuni ya umeme kulinda na kupima eathi za transfoma zake. Mwizi wa waya wa shaba wa chini ya transfoma anauza kilo chache, na mtaa mzima unabaki bila ulinzi usiouona.

Udongo ndio unaoamua fimbo itafanya kazi kiasi gani. Ukinzani wake hutegemea maji, chumvi asilia na ukubwa wa chembe. Mfinyanzi wenye unyevu hupitisha umeme vizuri, mchanga mkavu vibaya, mwamba vibaya zaidi. Mkoa wa Songwe, ambamo Tunduma imo, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una kila aina: udongo mwekundu wa nyanda za kahawa za Mbozi, maeneo yenye mawe, na ardhi ya Momba inayoshuka kuelekea bonde la Ziwa Rukwa kwenye joto na ukavu. Kipimo cha Vwawa hakiwezi kuazimwa Tunduma, wala cha Mpemba kutumika Sogea.

Hesabu za fimbo zina funzo ambalo soko la vifaa halilisemi. Kwenye udongo wenye ukinzani wa omu-mita 100, fimbo ya urefu wa mita 1.2 na unene wa milimita 16 hutoa takriban omu 72. Ukiongeza unene mara mbili, zinashuka hadi 62 tu. Ukiongeza urefu mara mbili, zinashuka hadi 40. Kwa hiyo fedha ya fimbo nene ni afadhali inunue fimbo ndefu, au fimbo mbili zilizotenganishwa kwa umbali usiopungua urefu wa fimbo moja. Zikipigiliwa karibu karibu zinagombania udongo uleule na faida inapotea. Wapo wanaokata fimbo katikati ili itoke kazi ya nyumba mbili. Hao wamekata usalama wa nyumba zote mbili.

Kina kina faida nyingine ambayo kwa Nyanda za Juu Kusini ni kubwa kuliko hesabu. Mvua hapa ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Baada ya hapo udongo wa juu hukauka miezi sita mfululizo. Fimbo fupi iliyopimwa Februari, udongo ukiwa chepechepe, itatoa namba ya kupendeza. Ileile Oktoba inaweza kuwa imepanda mara kadhaa. Kipimo cha masika ni nusu ya ukweli. Anayejenga Tunduma angefaa kudai kipimo cha mwisho wa kiangazi, au walau fimbo ifike kwenye udongo usiokauka.

Mafundi wa zamani hutatua ukavu kwa kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo. Inasaidia, na mkaa hushika unyevu kweli. Lakini chumvi huyeyuka na kuondoka na mvua, na kabla ya kuondoka inakula chuma. Shimo la chumvi linahitaji kurudiwa kila baada ya muda, na hakuna anayekumbuka kurudia. Udongo wa bentonaiti, unaovimba na kukaa na maji, ni tiba bora pale mwamba unapozuia fimbo kwenda chini. Pengine hufaa zaidi kuacha fimbo, badala yake kuchimba mtaro na kulaza utepe wa shaba, au kuzika bamba.

Vilevile kuna suala la kinachoitwa shaba. Fimbo nzuri ni chuma kisichoshika kutu au chuma kilichovikwa shaba kwa tabaka nene. Sokoni kuna za rangi ya shaba tu, ambazo zikikwaruzwa na jiwe wakati wa kupigiliwa zinaanza kutu. Wengine hutumia kipande cha nondo. Nondo tupu udongoni hutoa kipimo kizuri mwaka wa kwanza, kisha kutu inaanza kazi. Kiungio cha waya na fimbo nacho kikizikwa bila kifuniko cha kukagulia, hakuna atakayejua kilipolegea.

Nondo, hata hivyo, ina mahali pake, nayo ni ndani ya zege. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mhandisi Herbert Ufer alitakiwa kutia eathi kwenye maghala ya mabomu ya jeshi la Marekani huko Arizona, jangwani, ambako udongo haukufaa kwa fimbo. Alifunga eathi kwenye nondo za msingi. Zege huvuta unyevu wa ardhini na kuukalia muda mrefu, na msingi unagusa udongo eneo kubwa kuliko fimbo yoyote. Vipimo vyake vilibaki vizuri kwa miaka mingi. Kwa Tunduma, mji unaojengwa kila kukicha, hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote: kabla zege halijamwagwa, nondo za msingi zifungwe pamoja kwa uhakika, kipande kimoja kitolewe nje ya ukuta kwa ajili ya waya wa eathi. Nafasi hiyo inakuja siku moja katika maisha ya nyumba. Kwa kawaida fundi umeme huitwa kuta zikiwa zimeshasimama, na siku hiyo imepita.

Eathi nzuri nje ya ukuta haina maana ikiwa haifiki kwenye kifaa. Tanzania na Zambia zote zinatumia plagi ya Kiingereza ya pini tatu, na pini ya juu ni ndefu kwa makusudi: eathi iunganike kwanza na iachane mwisho. Lakini vifaa vya pini mbili vimejaa kwenye maduka ya pande zote za mpaka, na mtumiaji husukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la eathi ili vifuniko vya ndani vifunguke. Chaja ya simu yenye ganda la plastiki haihitaji eathi, hivyo hapo hasara ni ndogo. Birika la chuma linahitaji. Eksitensheni yenye soketi za matundu matatu lakini waya wenye nyuzi mbili tu ndani ni udanganyifu, na inafaa kukatwa.

Bafuni ndipo pa kuangaliwa kuliko chumba kingine. Baridi ya Juni na Julai imezifanya shawa za umeme kuwa kitu cha kawaida kwenye gesti za mji wa mpakani, ambako madereva wa malori hulala wakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Katika nyingi ya shawa hizi koili inagusa maji yenyewe. Zikifungwa bila eathi, au eathi ikiachwa imekunjwa juu ya dari, mtu aliyelowa mwili mzima anakuwa njia ya kurudi. Hakuna sababu ya biashara inayoweza kuhalalisha shawa bila RCD. Bomba la chuma na fremu ya dirisha la chuma lililo karibu viunganishwe na eathi hiyohiyo, ili mkono mmoja na mwingine isikutane na volti tofauti.

Kanuni hiyo ya kuunganisha vyuma inahusu pia bati. Waya wa kuingizia umeme ukisuguana na ukingo wa paa hadi ukachunika, paa zima linakuwa na moto. Kamba ya waya ya kuanikia nguo iliyofungwa kwenye mbao za paa huuleta moto huo hadi usawa wa mikono. Kibanda cha mabati, duka la kontena na geti la chuma lenye taa vyote vinahitaji waya wa eathi uliofungwa kwa boliti kwenye chuma safi, si juu ya rangi. Kwenye mashine za kusaga na kukoboa mahindi, mota ya fezi tatu hutetemeka kutwa, kwa hiyo boliti hulegea. Ukaguzi wa mara kwa mara ni sehemu ya kazi kama kuchonga jiwe la kusagia.

Malori ya mafuta yana eathi ya namna yake. Petroli ikitiririka kwenye mpira hujikusanyia umeme tuli, na cheche moja penye mvuke wa mafuta inatosha. Klipu ya eathi hufungwa kwenye tangi kabla ya mpira kuunganishwa, na hutolewa baada ya mpira kuondolewa. Kugeuza mpangilio huo ni kutengeneza cheche mahali ambapo hazitakiwi.

Radi inadai zaidi. Juni 2011 radi moja iliua wanafunzi 18 wa Shule ya Msingi Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Radi ikipiga, ardhi yenyewe inapata volti zinazopungua kadiri ya umbali, hivyo miguu miwili ya mtu mmoja inaweza kuwa na tofauti ya kuua. Kinga ya shule ni kipokea radi juu ya paa, waya mnene wa kushuka usio na kona kali, na eathi isiyozidi omu 10, iliyounganishwa na eathi ya umeme ya jengo. Kuzitenganisha hizo mbili, kwa kudhani radi isiingie ndani, huifanya iruke yenyewe kutoka moja hadi nyingine kupitia ukuta. Mantiki ya volti za ardhini ndiyo inayoeleza pia kokoto za vituo vya kupozea umeme, kama vile vya laini ya kilovolti 400 ya Iringa, Mbeya, Tunduma na Sumbawanga: chini kuna wavu wa shaba, na kokoto juu yake huitenga miguu ya mfanyakazi.

Kisheria, kazi ya nyaya ni ya fundi mwenye leseni ya mamlaka ya udhibiti, EWURA, na mchoro wenye muhuri wa mkandarasi hupelekwa shirika la umeme, TANESCO, kabla ya kuunganishiwa. Muhuri hausemi fimbo ina omu ngapi. Mwenye nyumba ana haki ya kudai namba hiyo iandikwe, pamoja na tarehe na mwezi wa kipimo, na fundi asiye na kifaa cha kupimia eathi hajamaliza kazi hata kama taa zinawaka. Kwa nyumba ambazo tayari zina RCD, kitufe chenye herufi T kibonyezwe mara moja kwa mwezi. Kisipokata umeme, breka hiyo ibadilishwe wiki hiyohiyo.